Sufuria ya Mama Polishi

Polishi nyekundu ya sakafu ilikuwa ndiyo kwanza inapoa, Mama Polishi akiipakua kwenye makopo, gari la askari wa manispaa likasimama mbele ya kibaraza chake.

"Kibali kiko wapi, mama?"

"Nakiomba tangu mwaka jana, wanangu. Kila nikija ofisini kwenu, ada imepanda."

"Basi kifuate hukohuko." Sufuria ikapakiwa na polishi yake.

Unga wa rangi angenunua tena, kijiko kwa kijiko, japo bei yake siku hizi haishikiki. Lakini sufuria! Ilikuwa ya mama mkwe, na mama mkwe hakuwa ameambiwa kwamba ndani yake inapikwa nta. Kuliko kurudi nyumbani bila sufuria hiyo, heri asirudi.

Ofisini karani alimpokea mikono iko chini ya meza.

"Sufuria? Hapa haikuletwa sufuria."

Mama Polishi akatupa macho. Kitasa cha mlango chekundu. Kikombe cha chai chekundu. Karani naye sikio moja jekundu, pale alipojikuna. Pembeni palikuwa na ndoo ya povu, na kipande cha sabuni kilichosuguliwa kikabaki kama pipi. Ilionekana waligawana polishi bila hata kijiko.

Bwana mkubwa akatoka chumbani, suruali nyeupe, mikono mifukoni.

"Mama, unatuita wezi?"

"Wala, baba. Naulizia sufuria tu."

"Hatujaiona."

"Haya." Akaketi kwenye benchi, akanyoosha miguu. "Ila mnaitesa sabuni bure. Hii si rangi ya nguo, haijuani na maji. Ni ya mafuta, ndugu yake ile ya mishumaa na ya dawa ya viatu. Inatoka kwa mafuta ya taa."

"Madukani hakuna," karani akaropoka. "Tumezunguka kote."

Bwana mkubwa akamkata jicho.

"Kwangu yapo," akasema Mama Polishi. "Chupa iko jikoni, palepale inapokaa sufuria."

Bwana mkubwa akatazama dari, mikono bado mifukoni. Joto lilikuwa kali, na nta haina siri kwenye joto: kwenye paja la suruali nyeupe doa jekundu likachungulia, likatanuka taratibu.

Mama Polishi akasogea, akampisha nafasi.

"Keti, baba. Tuisubiri sufuria wote."