Teke la Mwalimu

Mwalimu wa udereva alikuwa na kipimo kimoja tu cha upepo wa tairi: kiatu chake cha kulia. Anapiga teke, anatega sikio kama daktari, anatangaza, "Tairi zima!" Kwa miaka ishirini na mbili wanafunzi wake walifundishwa hivyo hivyo, na waliokuwa na teke legevu walirudishwa nyuma wakafanye mazoezi.

Taa ya njano ya upepo ilipoanza kumkera kwenye dashibodi, aliibandikia plasta aliyoichomoa kwenye mkoba wa mkewe, ambaye ni nesi. Kero ikaisha.

Asubuhi hiyo binti yake ndiye aliyeshika usukani. Mtihani wa leseni ni saa tatu kamili. Akifaulu, kazi ya kuendesha gari la wagonjwa ni yake. Akichelewa, yupo mwingine anayeinyemelea.

"Baba, gari linavuta kushoto."

"Linakupima kichwa. Kaza usukani, twende."

Binti akabandua plasta. Taa ikamkodolea jicho. Akaondoa mguu kwenye mafuta, gari likapunguza mwendo lenyewe bila breki za ghafla. Akawasha taa za tahadhari, akaegesha pembeni kabisa, penye tambarare.

Mwalimu akashuka, akatoa teke. "Zima!"

Binti akatoa kipimo cha upepo mfukoni, akakichomeka kwenye vali. "Kumi na mbili. Kibandiko cha mlangoni kinataka thelathini na mbili. Tukienda hivi tairi litachemka, lipasuke."

"Kibandiko kimefundisha watu wangapi?"

"Mama angepima homa kwa mateke, baba, wodi nzima ingeshahama."

Msumari ulikuwa umezama kwenye tairi, unang'aa bila aibu. Tairi la akiba nalo lilikuwa limelegea kama shavu la kibogoyo. Halikuwa limepimwa tangu linunuliwe. Binti akachukua jeki. Mwalimu akakabidhiwa pampu ya mguu, akakanyaga kwa mguu uleule wa mateke, na viatu vipya alivyovaa kwa ajili ya mtihani wa binti, mpaka thelathini na mbili ikatimia na kisigino kikachubuka.

Walifika dakika mbili kabla ya saa tatu, binti ana grisi hadi kwenye nyusi.

"Kagua gari," mtahini alisema kwa hasira. "Na nakuonya mapema. Wanafunzi watatu wa baba yako nimewaangusha sasa hivi. Nawaambia wapime upepo, wananipigia gari mateke!"

Binti akafungua vifuniko vya vali, akapima tairi moja moja, akasoma namba kwa sauti.

Mtahini akatulia. "Wewe umefundishwa na nani?"

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi ya mtihani, kiatu kimoja mkononi, anajibandika kisiginoni ile plasta ya dashibodi.

"Mama yake," akasema bila kuinua kichwa.

Nusu saa baadaye binti alirudi anapepea karatasi ya kufaulu. Akafungua mlango wa nyuma.

"Ingia taratibu, baba. Mgonjwa wangu wa kwanza."