Barua kwa Waliochora Sehemu ya Kumi na Saba

Mimi simwamini mtu haraka. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye kaunta ya dobi hapa Nerima, jijini Tokyo, napokea makoti na suti za watu, na mtu akiniambia doa hili ni la chai, kwanza naangalia, nanusa, ndipo naandika kwenye tiketi. Aliyekuwa mume wangu alikuwa akisema kuishi nami ni sawa na kuishi kituo cha polisi. Akaondoka zake, na mimi nilikuwa nimeshajua anakokwenda wiki mbili kabla hajafunga sanduku.

Kwa hiyo Jumapili ile, ilipokwisha sehemu ya kumi na saba ya “Binti wa Mnara wa Chumvi”, sikuzima televisheni. Nilirudisha nyuma nikatazama tena. Nikarudisha tena. Machale yakanicheza.

Katuni hii naipenda, na umri wangu wa miaka arobaini na sita haunitii haya. Kasoro zake nazijua kuliko walioitunga. Kaka yake Ruri, yule Binti mwenyewe, amekufa mara tatu na mara tatu amerudi, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza alikuwa wapi. Adui, upanga uko shingoni kwake, anaanza kusimulia utoto wake dakika nne nzima, na Ruri amesimama tu anamsikiliza kama mtu aliye kliniki anayengoja kuitwa jina. Upuuzi mtupu! Nalalamika mwanzo hadi mwisho, halafu Jumapili inayofuata, saa kumi na moja jioni, niko palepale na chai yangu, na mtu asinisemeshe.

Mdogo wangu Chisa ni mmoja wa wachoraji wake. Jina lake hupita mwishoni katikati ya kundi la majina, sekunde mbili, limepita. Anachorea nyumbani kwake Kami-Igusa. Wanamletea vipande vya katuni ndani ya bahasha, anachora, wanakuja kuchukua. Hulipwa kwa kipande, na akiugua hakuna wa kumpa pole, bahasha zinapelekwa kwa mwingine. Mwaka huu ni wa kumi na moja.

Mwaka mpya alikuja kula kwetu, vijiti vya kulia vikamdondoka mara tatu. Nikamburuta hospitali mwenyewe, nikaingia naye hadi ndani. Daktari akasema, nikiwa nasikia: miezi mitatu asishike penseli, la sivyo kidole gumba na viwili vinavyofuata havitafunga tena maisha yake yote. Alizungushazungusha kwa wiki kadhaa, mwishowe akaniapia kwamba ameiambia kampuni anapumzika kwa mambo ya kifamilia. Na sasa, mwezi wa pili wa mapumziko hayo, jina lake hilo hapo kwenye kioo changu.

Nikampigia simu palepale.

“Chisa, umechora?”

“Sijachora, Dada.”

“Jina lako nimelionaje?”

“Wamesahau kulitoa tu. Wana haraka hao, unawajua.”

“Wamesahau?”

“Dada, jamani. Sijagusa penseli. Haki ya nani.”

Mh! Kilichonitia wazimu ni kwamba alikuwa anasema kweli. Vipande vile havikuwa vyake. Chisa akimchora mtu anageuka, kichwa hutangulia, nywele zinafuata kwa uvivu, na mstari wake una sehemu nene na sehemu nyembamba, kama mtu anayepumua. Hivi vilikuwa na mstari safi mno, wa unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya kumi na nane ikaja, jina lake, mkono uleule mgeni. Ya kumi na tisa, vilevile.

Nikajisemea, kuna namna hapa. Kuna mtu amekalia kiti cha mdogo wangu na jina lake amelivaa. Akipona atakuta pameshajaa. Nilikasirika hadi nikachoma kola ya mteja kwa pasi.

Tovuti ya kampuni ina mahali pa maoni ya watazamaji. Nikaandika. Niliwaambia vipande vya Kurebayashi Chisa navijua bila kusoma jina, kwamba mkono wake ndio unaonifanya niivumilie hadithi yenye mashimo kama hii, na kwamba aliyechora sehemu ya kumi na saba, dakika ya nane na sekunde ishirini, na sehemu ya kumi na nane mlangoni kwa mnara, si yeye. Mrudishieni mkono wake, nikasema. Sikutia jina, niliandika tu Mtazamaji. Nikabonyeza, ikaenda, na usingizi nikaulala vizuri sana.

Hapo nikabaki na shaka ya pili, nayo ilikuwa ndani ya nyumba yangu. Mama.

Mama ana miaka sabini na minne na anaishi nami. Zamani, kabla ya kompyuta, akina mama wa mtaa huu walikuwa wakiletewa kazi za katuni majumbani. Wengine walipaka rangi. Mama alinakili mistari ya wachoraji kwa kalamu juu ya karatasi za plastiki, miaka ishirini na mitano kwenye meza ya jikoni, hadi bega la kulia likapinda. Chisa alipoingia kazi hii, Mama alilia siku mbili.

Sasa kila Jumanne na Ijumaa alikuwa anatoka asubuhi na chupa ya chai na mfuko mkubwa bapa. Eti anakwenda darasa la nyimbo za asili. Nyimbo gani zinahitaji mfuko bapa? Na jioni akirudi, ubavu wa kiganja chake una weusi unaong'aa kidogo. Mimi na madoa tunajuana. Ule ulikuwa weusi wa penseli.

Nikapiga simu ukumbi wa mtaa. Darasa la nyimbo, wakanijibu, limefungwa tangu mwaka jana, mwalimu anaumwa. Makubwa!

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikamfuata. Mama anatembea polepole lakini hageuki nyuma, ni mtu rahisi kumfuata. Akapanda treni, nikapanda behewa la pili. Akashuka Kami-Igusa, akapita duka la mkate, akapanda ngazi za kwa Chisa bila kubisha. Nikahesabu dakika kumi, nikausukuma mlango.

Mama alikuwa ameketi kwenye meza ya kuchorea, ile yenye taa chini ya kioo, miwani miwili usoni, mmoja juu ya mwingine. Chisa amejilaza sakafuni, mkono wa kulia umefungwa bendeji ngumu yenye kibao, anasema, “Hapo Mama ongeza karatasi mbili, kichwa kitangulie.” Mama hakugeuka hata kunitazama.

“Funga mlango,” akasema, “karatasi zinapeperuka.”

“Kumbe!” nikasema. “Kumbe ni nyinyi!”

“Ulitaka awe nani?”

“Mnanizuga mimi! Miezi miwili! Mama, na bega hilo?”

“Bega ni langu.”

“Kwa nini hamkuniambia?”

Chisa akacheka akiwa palepale chini. “Tukuambie wewe? Wewe ungekwenda kusimama mlangoni kwa kampuni na kipaza sauti. Dada, sikiliza, nikiwaambia naumwa ndiyo nimekwisha. Vipande vyangu anapewa mwingine na havirudi. Umebaki mwezi mmoja. Daktari amefurahi, kidole gumba kimeanza kufunga, tazama.” Akanionyesha, kwa uangalifu, ncha ya kidole inavyosogea ndani ya bendeji. Kilisogea kweli. Nilitaka kulia.

“Na mtu akigundua?” nikauliza.

“Nani agundue? Watu wanatazama upanga.”

Barua ilikuwa na siku tisa tangu niitume. Nikakaa kitako kwenye sakafu, na Mama aligeuka kunitazama kwa mara ya kwanza.

Kengele ikalia. Chisa akachungulia kwenye tundu la mlango, akarudi kwa vidole vya miguu, uso umemshuka. “Bi Isurugi. Msimamizi wa kazi. Leo si siku yake!” Mama akabeba karatasi zake akajifungia bafuni, na kwa mwanamke wa umri wake alikwenda kama mshale. Chisa akauficha mkono ndani ya mkono mrefu wa sweta.

Bi Isurugi aliingia akiinama na kuomba radhi, mwanamke wa makamo, macho mekundu ya kukosa usingizi. Lakini niliona anavyohesabu vikombe vya chai mezani. Vitatu. Watu sisi wawili. Namjua mtu mwenye shaka nikimwona.

“Bi Kurebayashi, samahani sana kwa kuja ghafla,” akasema. “Tumepata barua.” Akatoa karatasi akaisoma yote, neno kwa neno. Dakika ya nane na sekunde ishirini. Mlangoni kwa mnara. Masikio yangu yakawa moto. “Mwongozaji ameikalia siku tatu. Amevirudia vipande hivyo, anasema mtazamaji huyu ana macho. Basi ninaomba kitu kimoja, na naona aibu kukuomba. Ruri anageuka. Karatasi tatu tu, nikiwa hapa.”

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Kusema ni mimi, ni wivu, ni uongo, mtu huyu anaumwa, chochote. Mdomo huu unaobishana na wateja kutwa nzima ukaganda. Chisa alisema samahani kidogo, akatupa mgongo sote wawili, akafungua bendeji, akaiangusha nyuma ya mto. Akakaa mezani akashika penseli.

Alichora dakika ishirini. Sikio lake lilikuwa jekundu kwa maumivu na mkono haukutetemeka hata mara moja. Bi Isurugi alipozipitisha karatasi tatu haraka kati ya vidole, Ruri aligeuka, na nywele zikamfuata kwa uvivu wake ule. Mama bafuni hakukohoa.

Bi Isurugi akainama hadi paji la uso likakaribia goti. “Nisamehe kwa kukushuku,” akasema. Kisha akafungua begi lake akatoa bahasha kumi na nne, akazipanga mezani. “Sehemu ya mwisho. Mwongozaji ameagiza pambano lote liwe lako, si la mtu mwingine. Amesema kama kuna watazamaji wanaoujua mkono wako, basi wapewe mkono wako. Wiki tatu. Barua nakuachia, ni yako.”

Alipoondoka, Mama akatoka bafuni. “Nipe bahasha saba,” akasema.

“Hapana, Mama.”

“Chisa, mkono.”

“Hapana. Yule mtu ataona.” Alikuwa ameishika barua kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule mbovu, analia na kucheka kwa pamoja. “Dada, unajua ni nini hiki? Miaka kumi na moja. Nilifikiri hakuna anayejua kama nipo. Kumbe kuna mtu huko nje ananijua bila kusoma jina langu.”

“Ni mimi,” nikasema.

“Nini?”

“Barua hiyo. Niliiandika mimi, Chisa. Nilidhani kuna mtu amekuibia nafasi. Hakuna mtazamaji mwingine. Funga bendeji yako.”

Akanitazama, kisha akatabasamu kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko kofi. “Unasema hivyo ili niache kuchora.”

“Dakika ya nane na sekunde ishirini! Mlangoni kwa mnara!”

“Umesikia sasa hivi Bi Isurugi akisoma.”

“Mama, mwambie!”

Mama alikuwa anavua miwani, mmoja baada ya mwingine. “Wewe uandike barua ya kulalamika usitie jina, anwani na namba ya simu?” akasema. “Thubutu. Towako, kila mtu kwako ni mwongo, na leo mwongo ni wewe. Mtoto hajawahi kusifiwa na mgeni hata siku moja. Mwachie.”

Nililia, niligomba, nilitishia kumpigia Bi Isurugi. Chisa akasema nikifanya hivyo hataniita dada tena, na niliona kwamba anamaanisha. Nikatafuta simuni nakala ya ile barua. Tovuti ile haibakizi nakala. Kila siku kwa wiki tatu nilikuwa nampelekea matonge ya wali yenye plamu ya chumvi, na kila siku niliiona barua yangu imebandikwa ukutani juu ya meza, na chini yake mdogo wangu amejifunga penseli kwenye vidole kwa plasta, kwa kuwa vyenyewe vilikuwa havishiki tena.

Sehemu ya mwisho tuliitazama kwetu, sote watatu. Kaka akarudi mara ya nne. Adui akasimulia utoto wake, na huu ulikuwa utoto tofauti na ule wa mwanzo. Nilikuwa nimeapa sitafurahi. Kisha pambano likaanza, nikasahau chai, nikasahau Mama, nikausahau hata mkono uliokuwa umelala mapajani mwa mtu wa pembeni yangu. Kwa dakika nne nilikuwa na furaha tupu, na nasema hivi nikiona aibu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Majina yakapita. La kwake safari hii lilikuwa peke yake, mstari mzima. Chisa alikunywa chai kwa mkono wa kushoto, polepole, bado hajauzoea. Akakiweka kikombe chini.

“Dada,” akasema, “unadhani yule mtu ametazama?”

“Ametazama,” nikasema.