Kucha za Mzee Ngoja

Juu ya mawingu, mahali ambapo ukungu huingia dirishani asubuhi na kuketi kitini kama mgeni aliyezoea nyumba, palikuwa na nchi iliyoitwa Taadhima. Watu wake wote walikuwa Wakristo, na uzuri wake ulimlegeza moyo kila aliyeuona. Nyumba zake zilikuwa nyeupe, njia zake zilifagiliwa mara tatu kwa siku, na kengele za kanisa lake kuu zilipolia, sauti yake ilipita katika ukungu ikawa laini, hata msikilizaji asijue kama ameisikia kwa masikio au ameiota. Sitaki kuwasingizia watu wa Taadhima. Hawakuwa wabaya. Walimpenda Mungu kwa mapenzi makubwa na unyenyekevu wa kweli, na balaa lao lilizaliwa humo humo.

Zamani, katika enzi ya askofu mmoja aliyeitwa Haiba, mwanamke fulani alionekana akimpelekea jirani mgonjwa bakuli la uji huku anapiga miayo. Askofu Haiba alifadhaika siku saba. Alijiuliza itawezekanaje upendo wa Mungu, ulio mtukufu kuliko jua, ufikishwe mlangoni mwa mtu na mwanamke mwenye usingizi, aliyejifunga kanga mbili zisizofanana, tena katika bakuli lenye ufa. Baada ya kufunga na kusali, akatoa amri kwamba tangu siku ile hapana tendo la huruma litakalotendwa Taadhima pasipo Maandamano. Watu walilia kwa furaha waliposomewa amri hiyo, maana waliona kwamba sasa upendo umepewa heshima yake.

Maandamano yalikuwa kitu cha kupendeza, nami nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Mbele zilitangulia tarumbeta nne, zikafuatwa na chetezo cha ubani, kisha bendera ya hariri iliyoshikwa na watu sita, kisha kwaya ya sauti arobaini, na mwisho kabisa, kama kitu kilichokumbukwa njiani, likaja lile tendo lenyewe: bakuli la uji, blanketi, au mkongojo wa mgonjwa. Mwenye shida alipeleka ombi kwa Bwana Utaratibu, Mshika Zamu wa Maandamano, naye alilipangia siku yake baada ya kuhakikisha kwamba bendera imepigwa pasi na waimbaji wa sauti ya nne hawana mafua. Uji ulifika umepoa tangu mwezi uliopita, lakini ulifika kwa shangwe.

Katika siku zilizobaki watu walijizuia. Kikongwe alipoangusha kuni njiani, wapitao walisimama, wakavua kofia, wakamwombea kwa machozi ya kweli ili Maandamano yamfikie upesi, kisha wakaenda zao. Mtoto alipolia kwa kiu nyumba ya pili, jirani alifunga dirisha, si kwa ukatili, bali kwa kuogopa mkono wake usije ukamtangulia Mungu. Basi ikawa nchi yenye nyimbo nyingi za upendo na mabega mengi yasiyoguswa, na hakuna aliyejua kwa nini wakazi wake walipenda sana kulala mchana.

Nyuma ya kanisa kuu aliishi mzee mmoja aliyeitwa Ngoja, aliyekuwa mpiga kengele hadi nguvu zilipomwishia. Mkewe alikuwa amekufa, mgongo wake ulikuwa umekataa kuinama, na kwa sababu hiyo kucha za miguu yake ziliachwa zikue zitakavyo. Zilirefuka, zikajikunja, zikaanza kuingia nyamani, mpaka hatua kumi kutoka mlangoni kwake hadi kanisani zikawa safari asiyoiweza. Alipeleka ombi lake. Bwana Utaratibu alilipokea kwa adabu, akalisoma mara mbili, akaliahirisha, kwa kuwa katika vitabu vyote vya kwaya haukupatikana wimbo unaofaa kucha za miguu. Mtunzi mmoja alipewa kazi ya kuutunga, naye alikuwa bado katika ubeti wa kwanza. Ikapita miaka mitatu.

Mlangoni pa mzee huyo alipita kila wiki mjane mmoja aliyeitwa Tuliza, mfuaji wa vitambaa vya madhabahu, mwanamke mpole mwenye mikono iliyopasuka kwa sabuni. Alikuwa mtu wa kutii. Alipomsikia mzee akiugua ndani, alitua kikapu chake, akamwombea, akajitwika tena. Lakini asubuhi ya Alhamisi moja hakumsikia akiugua. Alimsikia akilia, kilio kidogo cha mtu asiyetazamia kusikiwa, na kilio kile kilimwingia Bi Tuliza mahali ambapo maombi yake yalikuwa hayajapata kufika. Akasukuma mlango. Akachemsha maji, akayapoza, akailoweka miguu ile katika beseni, na kwa mkasi aliokatia nyuzi za vitambaa vya madhabahu akazikata kucha za Mzee Ngoja moja baada ya nyingine, mpaka zote kumi zikaisha. Haikumchukua muda mrefu kuliko mahubiri mafupi.

Siri hiyo haikukaa. Jumapili iliyofuata Mzee Ngoja aliingia kanisani kwa miguu yake mwenyewe, akaketi mahali pake pa zamani, na kanisa zima likageuka kumtazama. Bwana Utaratibu aliitazama miguu ile, akafahamu. Bi Tuliza akashtakiwa kwa kosa la huruma ya faragha, ambalo adhabu yake ilikuwa moja tu: kutolewa katika nchi kupitia Lango la Heshima, kupelekwa Bonde la Kawaida, na kufungiwa lango asirudi milele. Asingeshiriki tena meza ya Bwana katika kanisa alilobatiziwa, wala asingeliona tena kaburi la mumewe lililokuwa chini ya ukuta wa kanisa hilo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele ya mama huyo alipopandishwa kizimbani mle kanisani.

Hakimu alikuwa Askofu Jalali, mtu mwema mwenye joho zito na uso uliochoka, aliyekuwa ameongoza Maandamano miaka thelathini.

"Baba Askofu," akaanza Bwana Utaratibu, "mshtakiwa ametenda huruma nyuma ya mlango uliofungwa, bila tarumbeta, bila ubani, akiwa amekunja mikono ya nguo yake. Ameushusha upendo wa Mungu kutoka katika bendera ya hariri mpaka katika vidole vya miguu."

"Bi Tuliza, unakana?" akauliza Askofu.

"Sikani, Baba Askofu. Ninaongeza tu kwamba nilimpaka na mafuta."

Watu walinong'ona. Askofu akainua mkono wakanyamaza.

"Kwa nini hukungojea Maandamano, binti yangu?"

"Niliyangojea, Baba. Miaka mitatu nilipita mlango ule nikimwombea. Alhamisi ile nilimsikia akilia, nikaona haya kumwombea tena na huku mkasi ninao." Akapangusa macho kwa kiganja. "Sikukusudia kumvunjia Mungu heshima. Lakini Bwana wetu alipowaosha wanafunzi wake miguu, sijapata kusomewa kwamba palipigwa tarumbeta. Nimesomewa kwamba alijifunga taulo."

Watu wakaanza kutazamana. Bwana Utaratibu akasema kwa upole kwamba Bwana alikuwa na idhini yake mwenyewe, lakini watu wachache tu walimsikia.

Mzee Ngoja akaitwa kutoa ushahidi. Alisimama, na kusimama kwake tu kulikuwa ushahidi.

"Mzee, mama huyu alikufanyia nini?" akauliza Askofu.

"Aliniuliza kama maji yana moto kupita kiasi."

"Nimekuuliza alilokutendea."

"Ndilo hilo, Baba Askofu. Kucha alizikata, nashukuru. Lakini kwanza aliniuliza kama maji yana moto. Tangu mke wangu afariki nimesikia nyimbo nyingi kupitia ukuta wa kanisa, nzuri zote, na hapana hata mtu mmoja aliyeniuliza neno juu ya mwili wangu. Alipouliza vile, nilijua kwamba Mungu anakumbuka nilipo. Sijui kulieleza vizuri zaidi ya hapo."

Maneno ya mzee yalimchoma Askofu Jalali, naye akaona haya, kwa kuwa nyumba yake na nyumba ya Mzee Ngoja zilitenganishwa na bustani moja tu ya maua. Lakini alikuwa amezeeka ndani ya sheria ile, na mtu huogopa kubomoa nyumba aliyozeekea. Akasoma hukumu kwa sauti iliyokatika mara mbili. Bi Tuliza alilia. Kisha akaomba jambo moja, kwamba atakayerithi kazi yake aambiwe asianike kitambaa kikubwa cha madhabahu juani, kwa sababu kitageuka rangi.

Akaondoka kanisani peke yake, na mzigo wake wa nguo chini ya kwapa, akashika njia nyeupe iendayo langoni. Watu wa Taadhima walijipanga pande zote mbili, wamevua kofia, wakimwombea kama walivyozoea. Ukungu ulikuwa umeshuka sana siku ile, na katika ukungu huo yule mama alionekana mdogo. Alipofika katikati ya mji, kamba ya mzigo wake ikafunguka na nguo zikamwagika chini. Aliinama kuzikusanya, lakini machozi hayakumwachia kuona vizuri.

Mwanamke mmoja aliyeitwa Sitara, mwuza mboga, alisimama karibu. Alisema baadaye kwamba hakuamua chochote, aliona tu mikono yake ikiokota kanga. Akazikunja, akafunga kamba kwa fundo la pili.

"Bi Sitara, na wewe umejihukumu," akasema Bwana Utaratibu, aliyekuwa akifuata nyuma.

"Haya, Bwana," akajibu Bi Sitara, akabeba upande mmoja wa mzigo.

Bi Sitara alikuwa mja mzito, na alipopita na tumbo lake kubwa, seremala mmoja akamwondolea jiwe njiani. Akahukumiwa. Mke wa seremala akampelekea mumewe koti lake, maana Bonde la Kawaida lina baridi, naye akahukumiwa. Mtu mmoja akamshika mkono mama mkwe wa seremala asiteleze. Mwingine akabeba mtoto wa yule aliyemshika mama mkwe. Bwana Utaratibu alikimbia huku na huku katika ukungu akitangaza hukumu mpaka sauti ikamkauka, na watu wakampita mmoja mmoja, wengine wakicheka kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, wengine wakilia, wote wakielekea langoni. Kabla ya adhuhuri mji ulikuwa mtupu. Waimbaji wa sauti ya nne waliondoka na mafua yao, wakipeana leso.

Kwa sheria ya nchi, hakimu hufuata nyuma ili lango lifungwe mbele ya macho yake. Askofu Jalali akafika Lango la Heshima, akatazama nje. Taifa lake lote lilikuwa limesimama katika ukungu wa upande wa pili, likifunikana mablanketi na kuulizana nani ana njaa. Lango lile lilikuwa la shaba, na lilihitaji watu wawili kulisukuma. Bwana Utaratibu aliweka bega lake, akasukuma, akatoka jasho, lisisogee.

"Baba Askofu, nisaidie," akasema akihema.

Askofu akamtazama kwa huzuni. "Umeandaa tarumbeta, Bwana Utaratibu?"

Mshika Zamu akaliondoa bega lake langoni. Alikaa chini penye kizingiti, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa mtu mwenye mgongo unaouma.

Ndipo kutoka njiani, nyuma kabisa ya wote, akatokea Mzee Ngoja, akitembea taratibu kwa miguu yake iliyokatwa kucha.

"Msifunge kwanza," akasema. "Ninakuja."

"Mzee, wewe hukuhukumiwa," akasema Askofu. "Aliyepokea hana kosa. Nchi yote hii ni yako sasa."

"Najua, Baba Askofu. Lakini mtu aliyenipa miguu yuko huko nje. Sioni sababu ya kutembea mahali asipokuwapo."

Kutoka langoni kwenda bondeni palikuwa na ngazi za mawe, zimelowa ukungu, wala hazikuwa na pa kushikia. Mzee aliunyosha mguu mmoja hewani, akipapasa ngazi ya kwanza, akayumba. Askofu Jalali alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na bendera, hapakuwa na kwaya, hapakuwa na mtu wa kumtangulia. Alishikwa na hofu, nasema kweli, hofu kubwa kuliko aliyowahi kuisikia madhabahuni. Akaunyosha mkono, akamshika mzee kiwiko.

"Baba Askofu," akasema Bwana Utaratibu kwa sauti ndogo, "ukishuka ngazi moja zaidi, itanibidi nikuhukumu."

"Nihukumu, mwanangu. Kisha uje, ukae na watu."

Wakashuka pamoja, joho zito likiburuta juu ya mawe. Bi Tuliza aliwaona, akaacha mzigo wake kwa Bi Sitara, akaja kuwalaki chini ya ngazi. Askofu alisimama mbele yake.

"Binti yangu," akasema, "nimeongoza Maandamano miaka thelathini. Huku sijui mtu huanzia wapi."

"Anza na huyo uliyemshika, Baba," akajibu Bi Tuliza. "Unamwendesha mbio."

Askofu akainama kuitazama miguu ya Mzee Ngoja, akaona kwamba ni kweli, akafupisha hatua zake.