Jina la Mtoto wa Kwanza

Nilimwambia meneja mpaka mate yakanikauka: "Bosi, swali hili litatuumbua." Huduma ya benki kwa mtandao ilikuwa ianze Jumatatu hapa Singida mjini, na mteja akisahau neno lake la siri, kompyuta inamwuliza jambo moja tu: jina la mtoto wako wa kwanza. Akipatia, akaunti inafunguka.

Jamani! Nani hapa mjini anaitwa kwa jina lake? Mama Pendo, Baba Rukaya, ndivyo tunavyoitana sokoni kutwa nzima. Meneja mwenyewe, Bwana Sultani, hata mlinzi anamwita Baba Ashrafu.

"Anselm, umeajiriwa kupima usalama, siyo kututia hofu," akanijibu. "Thibitisha."

Haya. Nikapata wafanyabiashara kumi waliokwisha kujiandikisha, wakakubali nijaribu akaunti zao. Namba nilizitoa kwenye stakabadhi wanazozitupa chini mlangoni kwetu. Majina niliyasikia sokoni wakisalimiana. Akaunti tisa zikafunguka. Ya kumi, ya Mama Hanifa muuza mafuta ya alizeti, ikakataa. Nikaandika Hanifa mara tatu, ikajifunga kabisa, hata dirishani isitoe hela.

Basi meneja akang'ang'ania hiyo moja! "Unaona? Mfumo uko imara. Huyo mama kakuweza." Nilitamani kupasuka. Tisa hazioni, moja anaiona!

Kesho yake asubuhi Mama Hanifa akatukuta ofisini kwa meneja, amefura. Lori la alizeti limefika kutoka Ihanja, na yeye hawezi kugusa hela yake.

"Shikamoo mama," nikasema. "Ni mimi niliyeifunga, nisamehe sana. Ili niifungue, inabidi ujibu lile swali hapa, mbele ya meneja."

"Marahaba," akasema, na hasira yote ikamwishia hapo hapo. Akageuka, akafunga mlango.

"Hanifa ni wa pili. Wa kwanza alikuwa Kitwana. Aliishi siku kumi na moja. Hata Hanifa hajui."

Nikaandika Kitwana. Akaunti ikafunguka. Niliona aibu, sikujua niangalie wapi. Meneja akaivuta ripoti yangu, iliyokuwa imelala mezani kwake tangu jana, akasaini swali hilo liondolewe.

Mama Hanifa alikuwa bado amesimama pale mlangoni.

"Niwekeeni swali lingine," akasema. "Tangu baba yake afariki, hilo jina nilikuwa nalo peke yangu. Sasa tuko watatu."