Kijiko cha Samli cha Mama Mkwe

...na kijiko bado kiko juu ya bakuli langu, samli imeanza kulainika kwa mvuke wa uji, na mama mkwe ananiuliza, niongeze, mama Mughwai? kama vile nina jibu jingine zaidi ya ndiyo, na mimi natabasamu, kazi ninayoiweza ni kutabasamu... Mughwai kalala mgongoni kwa bibi yake, shavu limelalia kanga, laini, halina hata kipele, na shavu hilo ndilo linaloniumbua. Alivyokuwa! Ngozi inachanika, choo kina damu, analia mpaka sauti inakauka, daktari akaniambia ni maziwa ya ng'ombe, unayakula wewe yanamfikia yeye kwenye ziwa lako, acha maziwa, acha siagi, acha na samli, pikia alizeti, kiazi chako kipake karanga za kusaga, nami nikaitikia vizuri, nikarudi hapa Unyambwa nikaitazama ndoo ya samli aliyoileta mama mkwe, maziwa kayasukasuka mwenyewe kwenye kibuyu na bega lake lile bovu, na mzazi akikataa samli ya mkwewe watu watasemaje... sikumwambia. Nikawa namkaangia Mathayo mayai kwa samli ya mama yake, mume wangu akanawiri, mimi nikala alizeti yangu kimyakimya, mtoto akapona. Ningeishia hapo. Lakini mama mkwe akapiga simu kuuliza mjukuu anaendeleaje, na huu mdomo wangu ukasema, ametulia kabisa mama, ni samli yako, akacheka, akamshukuru Mungu, nami nikajisikia mkwe mwema, naona aibu, naona aibu mpaka masikio yanawaka, maana nilifurahi kweli... anasema nini, anakwenda Kintinku? anasema kesho anapanda basi kwenda huko kwa Eliza, wifi yangu, binti yake wa mwisho, kajifungua juzijuzi, mtoto halali, mashavu yamejaa vipele, choo kina damu kidogo, majirani wanasema chango, "lakini mimi nimemwambia ya kwako," anasema, "nimemwambia ale samli asubuhi na jioni, kama mama Mughwai," na ananyoosha kidevu kuelekea mlangoni, kuna ndoo nyingine pale, imefungwa kanga mpya, kubwa kuliko yangu... Mungu wangu. Na Eliza atakula, yeye si mwoga wala mnafiki, atakula kwa sababu mimi nimesema, atanyonyesha, mtoto atalia, wataongeza samli. Nilidhani uongo wangu unakaa hapa jikoni na masufuria yangu, kumbe kesho unapanda basi. Mwambie basi. Nikisema atajua mayai ya Mathayo, atajua kicheko chake kwenye simu nilikichezea, atawaambiaje wenzake wa kanisani aliokwisha kuwasimulia, na bega lile, nitalitazamaje tena... nisiposema, mtoto wa watu, tena si wa watu, wa kwetu... kitu cha moto kimenidondokea mkononi, samli, natazama, kumbe kiganja changu kimefunika bakuli, sijui kimefika lini, uji unaniunguza kwa chini na sikiondoi. Mama mkwe anautazama mkono wangu, kijiko chake bado kiko juu. "Mama," nasema, "ile ndoo usimpelekee Eliza." Anauliza kwa nini, kwa upole, akimbembeleza Mughwai mgongoni.