Saa Mbili Bila Mashine

Kwa siku kumi na tisa Makoye alipumua kwa mashine, na kila asubuhi Justa alikuja kuigombania pumzi yake. Kazi ya Justa ilikuwa mazoezi ya wagonjwa mahututi: kuwakalisha, kuwanyoosha miguu, na kidogo kidogo kuwazoesha kupumua wenyewe hadi mashine ikose kazi. Ni kazi inayotaka subira, na binti huyo wa Nyahanga subira hakuwa nayo nyingi. Alikuwa na ubishi, na siku nyingi ubishi ulitosha.

Makoye alifukiwa kwenye duara, shimo la dhahabu, karibu na Katoro. Wenzake wawili walitolewa maiti. Yeye alitolewa mbavu zimevunjika na mapafu yamejaa vumbi. Mwenye duara, Valerian, alisema ni mvua. Watu wa Katoro, ambao midomo yao haina kufuli, walisema mengine: kwamba Valerian aling'oa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo, akayahamishia kwenye shimo jipya huku watu wakiwa bado chini. Lakini maneno ya kijiweni si ushahidi. Aliyekuwa chini na kuona amebaki mmoja tu, naye ana mrija shingoni, hatoi sauti.

Wodi iliruhusu ndugu mmoja tu kuingia. Kaka yake Makoye, Ngassa, mkulima wa pamba, aliiogopa ile mashine inayolialia, akaitoa nafasi yake kwa Valerian. "Yeye anajua kuongea na madaktari," alisema. Basi Valerian akawa ndugu. Kila saa nne asubuhi aliketi kando ya kitanda, shati limenyooshwa pasi, mpole kama mchumba siku ya kujitambulisha ukweni.

Justa alikuwa amesokota kipande cha shuka na kukifunga kwenye chuma cha miguuni pa kitanda, ili Makoye akivute ajiinue. Ngassa alipokiona kupitia kioo cha mlango alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Si ndiyo kamba ya duara hiyo, dokta! Ukivuta mara moja, wa juu wanapandisha mzigo. Mbili, wanasimama. Tatu ni hatari, mtu atolewe haraka."

Kwa hiyo Jumatatu saa nne, Justa alipoichomoa mashine na kumwachia Makoye oksijeni peke yake, kisha baada ya dakika kumi akamwona anavuta kile kitambaa mara tatu, jasho likimtoka na moyo ukienda mbio, alielewa kwamba pumzi imemshinda. Akamrudisha kwenye mashine. Jumanne ikawa vilevile. Jumatano vilevile.

Jumatano hiyo mchana Valerian alimsimamisha Justa kwenye korido, Ngassa yuko pembeni anaangalia viatu vyake.

"Dada, mnamtesa bure. Nyumbani wameshakubaliana. Kesho akishindwa, Ngassa anasaini, tunamrudisha Segese akapumzike kwao. Gari ninalo."

"Bila mashine hafiki hata Kahama," Justa alisema.

"Mungu ndiye anayejua," alijibu Valerian, kwa upole uleule.

Alhamisi Justa alianza mapema, saa tatu. Hakuwa na sababu nyingine ila hofu. Alimkalisha Makoye ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akachomoa mashine na kuanza kuhesabu. Pumzi ishirini na mbili kwa dakika. Nusu saa ikapita, bado ishirini na mbili. Makoye alikuwa akitazama dirishani kama mtu anayesubiri chai.

Saa nne mlango ukafunguliwa. Valerian aliingia, akavuta kiti. Pumzi zikapanda: thelathini, thelathini na nane. Mkono wa Makoye ukakishika kitambaa, ukavuta mara tatu.

Mkono wa Justa ulikuwa tayari umeshika mpira wa mashine. Ukaishia hapo hapo. Mjinga mimi, alijiambia. Siku tatu nzima, huyu akiwa kitini, mtu anapiga yowe, na mimi namtazama mapafu!

"Toka nje," alimwambia Valerian.

"Mimi ndiye ndugu, dada."

"Toka!"

Alipotoka, Justa aliinama. "Fumba macho kama ni ndiyo. Ni pumzi?" Macho yakabaki wazi. "Ni huyu?" Makoye akafumba. "Ni matimba?" Akafumba, akaendelea kufumba mpaka chozi likapenya.

Walikaa hivyo hadi zikatimia saa mbili kamili bila mashine. Pumzi zilishuka, zikatulia. Daktari alipita, akasikiliza kifua, akasema mashine isirudishwe. Justa angeweza kucheza.

Alitoka akamshika Ngassa mkono. "Amepumua mwenyewe. Na sikiliza, kaka: Valerian asimsogelee tena. Nimemuuliza mgonjwa. Yale matimba aliyang'oa huyo Valerian."

Ngassa alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekosa usingizi. "Dokta, Valerian alimfukua kwa mikono yake. Kucha zilimtoka."

Lazima afukue, Justa aliwaza. Alitaka kujua nani bado yuko hai.

"Anapumua mwenyewe?" Valerian alikuwa nyuma yao, ameshika karatasi. "Mungu mkubwa! Jana tuliogopa kwa sababu ya mashine. Sasa mashine haitakiwi tena. Ngassa, ndugu yangu, saini tumpeleke kwa mama yake."

Ngassa alisaini akilia kwa furaha. Hapo ndipo Justa alipoelewa alichokifanya. Zile siku tatu alizokosea, mashine isiyosafirishika ndiyo iliyomlinda Makoye. Leo yeye mwenyewe ameiondoa, kwa mikono yake na kwa ubishi wake, na amewakabidhi mtu anayeweza kupakiwa garini.

Alirudi ndani, akasukuma komeo, akauegemea mlango. Nyuma ya kioo mtu alianza kubisha taratibu. Hakuwa Valerian.

"Dokta, fungua," alisema Ngassa, sauti imejaa shukrani. "Tumekuja kumchukua mtu wetu."