Koti la Maabara na Sabuni ya Mawese

Watu wa hapa Kibondo wanasema nina wivu. Jirani yangu Mpawenimana ananiimbia kila siku: "Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda." Mbona sijakonda? Mimi nina macho tu, na mume wangu Nduwayezu amenipa mengi ya kutazama tangu aende Kasulu kusomea kazi ya maabara.

Akija nyumbani, hata viatu hajavua, ni Apoline. Apoline kasema, Apoline kapima. Huyo ni mwenzake wa meza moja kwenye somo la kemia, binti wa kutoka kijiji cha Muyama, hana mume wala mtoto. Nilimwona kwenye picha katika simu ya mume wangu, wawili wamevaa makoti meupe, katikati yao umesimama mrija mrefu wa kioo. Binti anacheka, mdomo umepakwa rangi, vidole vyake vyembamba vimeushika mrija. Nilimchukia pale pale, na simwombi mtu radhi.

"Huo mrija ndio unawachekesha hivyo?" nikauliza.

"Mama Junior, hiyo inaitwa bureti. Mimi nafungulia asidi kidogo kidogo, Apoline anadondosha dawa ya kuonyesha. Naye hana mkono mwepesi, anamwaga kila mara, vidole vyake vinashinda vimelowa."

Hata hali ya vidole vyake alikuwa anaijua!

Jumamosi hii alikuja na koti lake kwenye begi. Maji yamekatika hosteli, akasema, na Jumatatu ana mtihani wa vitendo. Asiye na koti safi haingii. "Nifulie, mke wangu."

Nikalipeleka kisimani pamoja na sabuni yangu. Naipika mwenyewe kwa mawese na kostiki, na wanawake wa mtaa wetu wanaifahamu: inachuna mikono, lakini nguo inatakata. Nikasugua upande wa mbele. Mahali palipokuwa peupe kabisa, pale kifuani, pakaanza kutokea madoa ya pinki. Nikasugua tena, yakazidi kukolea.

Mpawenimana akaiweka ndoo yake chini. "Mana yanje, Mungu wangu! Mama Junior, si rangi ya mdomo hiyo?"

Nililikunja koti na povu lake, nikarudi nyumbani maji yananichuruzika mpaka miguuni. Nduwayezu alikuwa amekaa jikoni anasoma. Nikamtandazia koti mbele ya macho.

"Mdomo wa nani huu?"

Akatazama, kisha akaangua kicheko. Alicheka! Nikalinyanyua koti juu ya mafiga, moto unawaka. "Cheka tena, Baba Junior. Jumatatu utaingia kwenye mtihani umevaa majivu."

Kicheko kikakatika. "Esteri, usifanye hivyo. Mwaka wangu mzima uko kwenye hilo koti. Nipe limao."

"Limao la nini?"

"Nipe, uone mwenyewe."

Nilimpa, huku mkono mmoja haujaachia koti. Akakamua matone juu ya doa. Pinki ikatoweka mbele ya macho yangu. Akachukua sabuni, akapaka palepale, ikarudi. Limao tena, ikatoweka tena.

"Hii ndiyo dawa ya kuonyesha," akasema, taratibu, kama anamfundisha Junior kusoma. "Kwenye asidi, kama limao, haina rangi. Ikikauka kwenye nguo huioni. Ikikutana na besi, kinyume cha asidi, inakuwa pinki, na sabuni yako ina kostiki, hiyo ni besi. Ilinirukia mezani. Rangi ya mdomo gani inafutwa na tone la limao halafu inarudishwa na sabuni?"

Aibu ilinishika, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nilihisi nimerudishiwa mume wangu. Naye akaona nimelegea, akaongeza maringo: "Dawa haina ubaya na mtu, Mama Junior, wala haijui kusema uongo. Popote ilipogusa, itasema."

Nikamwekea maharage na ugali wa muhogo, nikarudi kisimani na koti, sabuni na limao langu. Mpawenimana alikuwa bado yupo, anasubiri habari kwa hamu. Nikamfanyia somo lote, limao, sabuni, limao, mpaka akajishika kichwa. "Ego, ndiyo kweli, kumbe ni dawa," akasema. "Nisamehe, jirani. Una mume mwema." Akajitwika ndoo yake, akaondoka. Nilimsindikiza kwa macho, nimejaa fahari.

Nikapiga goti nimalize kazi. Upande wa mbele ulikuwa umekwisha, ukabaki wa mgongoni. Nikaligeuza koti, nikalipaka sabuni lote, nikasugua huku naimba.

Wimbo ulikatikia kinywani. Chini kidogo ya mabega palikuwa na vidole vya pinki. Vitano. Nikavuta kitambaa kikanyooka. Upande wa pili vikatokea vingine, vimeelekeana na vile vya kwanza, na nyuma yake, upande wa mbavu, viganja, vimekandamizwa vizuri. Hapakuwa na tone lililoruka hapo.

Niliweka mkono wangu juu ya mmoja. Vidole vyangu, vilivyochunwa na kostiki, vilikuwa vinene kuliko vile. Vile vilikuwa vyembamba, na ukinipa picha ile nitakuonyesha ni vya nani. Ili viganja viwili vikae hivyo mgongoni mwa mtu, mwenye viganja lazima awe amesimama mbele yake, kifua kwa kifua.

Sauti ya mume wangu ikanifikia kutoka uani. "Mama Junior! Limetakata?"

Limao lilikuwa bado na maji. Nikalitupa kwenye migomba, nikaongeza sabuni mgongoni mwa koti, nikalishika kwa mikono miwili lisiguse chini.

"Njoo uone, Baba Junior," nikamwita. "Dawa inasema."